Kauri Juu ya Titani: Uthabiti Unaopimwa na Uthabiti Unaohitajika

Cheti kinachoambatana na kipandikizi, yaani kifaa cha metali kinachopandwa ndani ya mfupa, chenye tabaka la kalisiamu fosfeti kwa kawaida hutaja unene wa tabaka hilo, uwiano wa kalisiamu na fosforasi, nguvu ya mshikamano wake na metali, na asilimia ya fuwele iliyomo. Takwimu hizo ni za kweli, lakini karibu zote hupatikana kwa kulipima tabaka likiwa jipya, likiwa kavu, na kwa kuchukua wastani wake. Mwili haukutani na wastani. Maji ya mwili hulishika tabaka kuanzia juu, hupenya kwenye nyufa na vitundu, na yakipata njia ya kufika kwenye mpaka wa kauri na metali huanza kulibandua kutoka chini. Ndiyo sababu naamini kwamba mjadala wa takriban miongo minne kuhusu uthabiti wa matabaka haya umetumia muda mwingi mno kuuliza kama tabaka litadumu, na muda mchache mno kuuliza litaanzia wapi kuondoka, kwa mwendo gani, na litaacha nini nyuma yake.

Sababu ya kulipaka haina utata. Titani na aloi zake, hasa ile yenye alumini na vanadi, zina nguvu, hazishambuliwi kwa urahisi na maji ya mwili, na mfupa huzivumilia. Kuvumilia, hata hivyo, ni pungufu ya kushikamana. Haidroksiapatiti, ambayo ndiyo kalisiamu fosfeti inayopakwa zaidi, inafanana kikemia na madini ambayo ni takriban theluthi mbili ya uzito wa mfupa, na kwa sababu hiyo mfupa mpya huanza kujengeka moja kwa moja juu yake badala ya kuacha utando wa nyuzi katikati. Kauri hiyo ikiwa peke yake ni dhaifu mno kubeba mizigo ya nyonga au goti, kwa hiyo ikawekwa juu ya metali ili kila kimoja kifanye kazi inayokifaa. Mwaka 1985 daktari wa upasuaji Ronald Furlong alianza kutumia jijini London shina la nyonga, yaani sehemu ya nyonga bandia inayoingia ndani ya mfupa wa paja, lililopakwa haidroksiapatiti kwa njia ya plazma. Mwaka uliofuata daktari wa upasuaji Geesink akafanya vivyo hivyo nchini Uholanzi, na mwaka 1987 de Groot, Geesink na wenzao wakachapisha maelezo ya tabaka hilo. Baadaye majaribio ya Søballe na wenzake nchini Denmark, yaliyofanywa kwa mbwa, yalionyesha kwamba tabaka hilo huusaidia mfupa kuvuka pengo lililobaki baada ya upasuaji. Yalionyesha pia kwamba, pale ambapo mtikisiko mdogo wa kipandikizi umekwisha kuzalisha utando wa nyuzi, tabaka huweza kuufanya utando huo ugeuke kuwa mfupa. Faida hizo ni za kweli na hazihitaji kutetewa tena.

Tatizo linaanzia ndani ya bunduki ya plazma. Gesi ya agoni, mara nyingi ikichanganywa na haidrojeni kidogo, hupitishwa kwenye tao la umeme na kugeuka kuwa plazma ambayo kiini chake huzidi nyuzi 10,000. Unga wa haidroksiapatiti huingizwa katika mkondo huo, huruka kwa kasi kubwa, na ndani ya milisekunde chache hugonga uso wa metali uliokwisha kukwaruzwa kwa mchanga mgumu. Kila punje hutandazika na kuganda papo hapo kama tone la nta linaloangukia sakafu baridi, kisha punje inayofuata hutua juu yake, hadi tabaka lifikie unene wa mikroni 50 hadi 200. Mbinu hii ni ya haraka, hutoa tabaka nene kwa gharama inayovumilika, na imezoeleka viwandani. Hizo ndizo sababu zilizoifanya ishinde nyingine zote kibiashara, wala si kwamba inailinda haidroksiapatiti vizuri.

Haiilindi hata kidogo. Haidroksiapatiti ni madini yenye maji ndani ya muundo wake, kwa maana ya vikundi vya haidroksili, na kiasi cha joto kinachotosha kuiyeyusha ni kingi mno kwake. Punje ikiwa angani hupata joto lisilo sawa kutoka nje hadi ndani. Kiini chake, kikiwa hakijayeyuka, hubaki kilivyokuwa. Sehemu inayokizunguka hupoteza haidroksili hatua kwa hatua na kuwa oksihaidroksiapatiti, kisha oksiapatiti. Ngozi ya nje, iliyoyeyuka kabisa, hupoteza pia fosforasi kwa njia ya mvuke, na kimiminika kinachobaki huwa na kalisiamu ya ziada. Kinapoganda hutoa trikalisiamu fosfeti, tetrakalisiamu fosfeti, na pengine oksidi ya kalisiamu, yaani chokaa isiyozimwa. Sehemu nyingine ya kimiminika hicho haipati hata nafasi ya kujipanga kuwa fuwele. Huganda ikiwa vurugu, katika hali ambayo wataalamu huiita amofasi. Kwa hiyo kile tunachokiita tabaka la haidroksiapatiti kwa mazoea ni mchanganyiko wa kemikali tano au sita, na kila moja ina tabia yake ndani ya maji.

Tofauti za tabia hizo ni kubwa. Haidroksiapatiti yenye fuwele kamili ndiyo inayomumunyika polepole kuliko zote. Trikalisiamu fosfeti ya aina ya beta huifuata, ile ya aina ya alfa ni rahisi zaidi kumumunyika, na tetrakalisiamu fosfeti pamoja na sehemu za amofasi huondoka mapema kabisa. Oksidi ya kalisiamu haistahili kuwekwa kwenye orodha hiyo, kwa sababu kabla ya kumumunyika hunyonya maji, huvimba na kuipasua kauri inayoizunguka. Kiwango chake kikiwa kidogo hudhibitiwa kwa urahisi kiasi, na mzalishaji makini hulihakikisha hilo. Sehemu za amofasi ndizo zisizokwepeka, na ndizo zinazoamua mambo.

Zinaamua kwa sababu ya mahali zilipo. Punje za kwanza kutua hukutana na metali ambayo ni baridi ikilinganishwa nazo, na ambayo huvuta joto haraka kuliko kauri, kwa hiyo huganda kwa kasi kubwa kuliko zote zitakazofuata. Punje za baadaye hutua juu ya kauri iliyokwisha kupata joto, tena kauri si mpitishaji mzuri wa joto, hivyo hupoa polepole na kupata nafasi ya kujipanga kuwa fuwele. Matokeo yake ni kwamba sehemu za amofasi huelekea kurundikana karibu na mpaka wa metali, na tafiti za Gross na Berndt, miongoni mwa nyingine, zimelionyesha jambo hili. Tukitafakari kile ambacho tungekitaka, ajabu yake inaonekana mara moja. Tungependa sehemu ya juu, inayoguswa na mfupa, imumunyike kiasi ili itoe kalisiamu na fosfeti na kuuita mfupa mpya, huku sehemu ya chini inayoshika metali ikiwa imara kuliko zote. Plazma hutupa mpangilio uliopinduliwa: iliyo imara huwa juu, iliyo dhaifu huwa chini. Sijui kasoro nyingine ya mchakato huu inayostahili kupewa uzito kama hii, na bado haionekani popote katika takwimu za cheti.

Juu ya kasoro hiyo ya kikemia inaongezeka nyingine ya kimekanika. Kwa kila nyuzi moja ya joto, titani hurefuka takriban sehemu 9 kwa milioni, ilhali haidroksiapatiti hurefuka kati ya sehemu 11 na 15. Wakati wa kupoa, kauri hutaka kunywea zaidi kuliko metali inavyoiruhusu, na hivyo hubaki ikiwa imevutika, hali ambayo kauri yoyote haiipendi. Nyufa ndogo hufunguka. Tabaka likiwa nene zaidi, nishati iliyohifadhiwa ndani yake kutokana na mvutano huo huwa kubwa zaidi, na uwezekano wa kubanduka huongezeka. Nyufa hizo ndizo njia ambazo maji ya mwili hupitia kwenda kuifuata ile sehemu ya chini inayomumunyika upesi.

Sasa tukitazame kiwango kinachotumika zaidi. Kiwango cha Shirika la Kimataifa la Viwango chenye namba ISO 13779-2 kimekuwa kikitaka fuwele zisipungue asilimia 45 na nguvu ya mshikamano isipungue megapaskali 15. Sina ugomvi na kuwepo kwa mipaka hiyo. Bila hiyo soko lingekuwa na matabaka mabaya zaidi. Ugomvi wangu ni na imani inayojengwa juu yake. Asilimia ya fuwele hupatikana kwa miale ya eksirei, kwa kulinganisha vilele vikali vinavyotolewa na fuwele na kile kivimbe kipana kinachotolewa na amofasi. Miale hiyo ikielekezwa kwenye tabaka lenyewe, hufifia kabla ya kufika mbali, na sehemu kubwa ya ishara hutoka juu, mahali ambapo tabaka liko katika hali nzuri kuliko kwingineko. Tabaka likikwanguliwa na kusagwa kuwa unga ndipo lipimwe, kinachopatikana ni wastani wa kina chote. Kwa njia zote mbili mpaka wa metali unapotea machoni. Aidha, vilele vya oksiapatiti viko karibu kabisa na vile vya haidroksiapatiti, kwa hiyo tabaka lililopoteza haidroksili nyingi linaweza kuhesabiwa kuwa safi. Anayetaka kuiona hasara hiyo lazima atumie miale ya infraredi au mtawanyiko wa Raman, yaani mwanga wa leza unaotawanywa na sampuli, ambako alama ya haidroksili hupungua au kutoweka bila kificho.

Kipimo cha mshikamano nacho kina udhaifu wake. Kipande cha metali hugundishwa juu ya tabaka kwa gundi kali, kisha huvutwa hadi kitu kiachie. Gundi hiyo ni kimiminika kabla ya kukauka, na tabaka la plazma lina vitundu, kwa hiyo gundi hupenya ndani na kulitia nguvu tabaka ambalo yenyewe inapaswa kulipima. Isitoshe, kipimo hufanywa katika ukavu na kwa mvuto mmoja ulionyooka, wakati shina la nyonga huishi katika unyevu na kusukumwa sambamba na uso wake, mzigo ukijirudia kwa kila hatua ya mtembeaji. Tafiti nyingi zilizoyaloweka matabaka katika vimiminika kabla ya kuyavuta zimekuta mshikamano umeshuka. Megapaskali 15 za siku ya kwanza hazina budi kusomwa kwa kumbukumbu hiyo.

Hata maji yenyewe ya maabara yanahitaji kutazamwa kwa jicho kali. Kimiminika cha mtafiti wa Kijapani Kokubo, kilichotengenezwa ili kuiga madini ya plazma ya damu, kina kalisiamu na fosfeti kupita kiwango ambacho apatiti (jamii ya madini ambayo haidroksiapatiti ni mojawapo) ingehitaji ili ianze kujijenga. Ukiliacha tabaka humo kwa wiki kadhaa, linaweza kuongezeka uzito badala ya kupungua, na ripoti ikasema kwa unyoofu wote kwamba tabaka ni thabiti. Lakini kimiminika hicho hakina seli. Mwilini, siku za mwanzo baada ya upasuaji, uvimbe hushusha pH ya jirani chini ya 7.4, na baadaye osteoklasti, yaani seli zinazomega mfupa wa zamani, hujifungia kwenye eneo dogo na kulitia asidi inayoweza kufikia pH ya karibu 4.5. Seli hizo hazitofautishi sana madini ya mfupa na madini ya kiwandani. Ikiwa kuna maambukizi, asidi huongezeka tena.

Hapa napaswa kuzuia hoja yangu isivuke mpaka, kwa maana kuondoka kwa tabaka si lazima kuwe balaa. Kumumunyika kwa kiasi ndiko kunakolifanya lifanye kazi: ioni zinazotoka hurudi na kujijenga upya kama apatiti yenye kaboneti, inayofanana zaidi na ya mfupa, na juu ya hiyo seli huweka mfupa. Tabaka lisilomumunyika kabisa lingekuwa thabiti kwa maana ya mhandisi na zito wa kushirikiana kwa maana ya mfupa. Uchunguzi wa Tonino na wenzake, uliofanywa kwenye mashina ya nyonga yaliyopatikana baada ya wagonjwa kufariki kwa sababu zisizohusiana na upasuaji, ulionyesha tabaka likipungua kadiri miaka ilivyopita, hasa sehemu ya juu ya shina, huku mashina yenyewe yakiendelea kushikwa na mfupa. Seli zilikuwa zimelila tabaka polepole na mfupa ukachukua nafasi yake juu ya metali. Hiyo ni njia ya kwanza ya kuondoka, na ni njia njema.

Njia ya pili ni kubanduka. Kipande kizima huachia kutoka kwenye metali kabla mfupa haujaishika metali hiyo, na kwa kuwa mfupa umelishika tabaka kwa nguvu, kipandikizi hulegea kikiwa kimeliacha ganda lake kwenye mfupa. Vipande hivyo vikisafiri hadi kwenye kiungo, huingia kati ya kichwa cha nyonga na kikombe cha plastiki ya polithilini kinachokipokea kichwa hicho, na kuisaga polithilini hiyo. Bloebaum na wenzake nchini Marekani walivikuta vipande vya haidroksiapatiti vikiwa vimejikita katika vikombe vya polithilini vilivyotolewa kwa wagonjwa. Chembe za polithilini inayosagika ndizo zinazochochea mwili kuula mfupa unaozunguka kipandikizi. Asilimia moja na ileile ya tabaka inaweza kupotea kwa njia ya kwanza au kwa njia ya pili, na neno uthabiti, likitumika bila kufafanuliwa, huzifunika njia zote mbili kwa blanketi moja.

Sajili za taifa za vipandikizi zinatoa ushahidi ambao hauwezi kueleweka bila kuitenganisha mikasa hiyo miwili. Mwaka 2010 Lazarinis na wenzake walichapisha uchambuzi wa sajili ya Sweden uliohusu zaidi ya nyonga 8,000, na wakakuta vikombe vya metali (vinavyokibeba kile cha polithilini) vilivyopakwa haidroksiapatiti vikiwa na hatari kubwa zaidi ya kufanyiwa upasuaji wa marudio kuliko vikombe vya muundo uleule visivyopakwa. Watafiti haohao walipoligeukia shina moja linalotumika sana, hawakukuta tofauti ya maana kati ya lililopakwa na lisilopakwa. Nchini Norway, kwa upande mwingine, shina la Corail, ambalo limepakwa haidroksiapatiti ya unene wa mikroni 155 kwa urefu wake wote, limekuwa na matokeo mazuri kwa miaka mingi, ilhali vikombe kadhaa vyenye metali ya uso laini, usiokwaruzwa, chini ya kauri viliharibika mapema. Aliyezoea kuuliza kama haidroksiapatiti ni nzuri au mbaya atakuta hapa ukinzani mtupu.

Binafsi sioni ukinzani. Shina limechongwa kwa umbo la kabari na kuingizwa kwa kubanwa ndani ya mfupa, na mzigo wake hulisukuma ndani zaidi. Tabaka likiisha, umbo na ukwaruzo wa metali vinaendelea na kazi. Kikombe huishi karibu na polithilini, hupokea chembe zake, na mizigo yake huelekea kukizungusha na kukiinamisha. Kikombe chenye uso laini kilichotegemea kauri peke yake kinakuwa kimebakiwa na ulaini wake siku kauri inapokwisha. Kauri iliyopulizwa ilikuwa ya jamii moja katika mifano yote; kilichotofautiana ni kile kilichokuwa chini yake na mazingira iliyowekwa. Katika vipandikizi vya meno, ambavyo sitavijadili kwa kirefu, hofu kuhusu kubanduka kwa tabaka na kuhusu bakteria ilichangia matumizi yake kufifia, na nyuso za titani zilizokwaruzwa na kuoshwa kwa asidi zikachukua nafasi.

Tiba zilizopendekezwa hazina thamani sawa. Kulichoma upya tabaka kwenye tanuri, kwa nyuzi 600 hadi 700 za Selsiasi, hugeuza sehemu za amofasi kuwa fuwele na kuipandisha takwimu ya cheti kwa namna ya kupendeza. Lakini sehemu hizo zilipoteza haidroksili zilipokuwa angani, na bila maji haziwezi kurudi kuwa haidroksiapatiti kamili. Tena kujipanga kuwa fuwele hupunguza ujazo, na nyufa mpya huzaliwa. Kwa hiyo natilia shaka tabaka lenye asilimia kubwa ya fuwele lililopatikana kwa tanuri kavu. Kulichoma katika mvuke wa maji kuna mantiki bora, kwa sababu hurudisha kile kilichopotea na kwa joto la chini zaidi. Kuipasha metali joto kabla ya kupuliza, ili punje za kwanza zisigande kwa mshtuko, kunalishambulia tatizo mahali lilipozaliwa, na nashangaa kwamba mbinu hii hutajwa kwa nadra kuliko zile za kurekebisha baadaye. Floroapatiti, ambayo florini imechukua nafasi ya haidroksili, hustahimili plazma vizuri zaidi na humumunyika polepole zaidi; inafaa zaidi kama tabaka la chini kuliko kama tabaka la juu. Matabaka membamba ya mikroni chache, yanayowekwa kwa umeme ndani ya kimiminika bila joto kubwa, huepuka takriban matatizo yote ya plazma, lakini huisha mapema, na yanadai kwa nguvu zaidi kwamba metali iliyo chini iwe na ukwaruzo au vitundu vya kutosha kuushika mfupa wenyewe.

Ningependa cheti kiongezewe mambo matatu. La kwanza ni ramani ya haidroksili na ya amofasi kutoka juu hadi kwenye mpaka wa metali, ambayo hadubini ya Raman inaweza kuitoa kwenye kipande kilichokatwa upande, kwa muda mfupi na bila kuhitaji mtambo wa kipekee. La pili ni nguvu ya mshikamano baada ya wiki kadhaa ndani ya kimiminika chenye pH iliyodhibitiwa na ambacho hakijashiba apatiti, ikiandikwa kando ya ile ya siku ya kwanza. La tatu ni ukwaruzo wa metali chini ya kauri, pamoja na ushahidi kwamba kipandikizi kilekile kisicho na tabaka kinaweza kushikwa na mfupa. Hili la mwisho ndilo rahisi kuliko yote, kwa kuwa ukwaruzo hupimwa kiwandani kabla ya bunduki ya plazma kuwashwa, ila takwimu yake haimfikii daktari wa upasuaji anayechagua kati ya kikombe kimoja na kingine.